Matia Mulumba: Baba Aliyeitengeneza Nyumba Yake Kabla ya Ubatizo



Zipo familia zetu nyingi ambazo hazikai karibu na kanisa. Tuchukue mfano wa Takaba, mji mdogo ulioko katika kaunti ya Mandera, ndani ya Jimbo Katoliki la Garissa. Karibu wenyeji wote wa huko ni Waislamu. Wakristo ni wachache, na wengi wao wamefika kwa ajili ya kazi: mwalimu, muuguzi, polisi, mwanajeshi. Mara nyingi baba yuko kazini peke yake, na mama amebaki na watoto mbali sana. Tena, tangu abiria wa basi walipouawa karibu na Mandera tarehe 22 Novemba 2014, na wachimba mawe siku kumi baadaye, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine waliondoka, na familia nyingi zilijifunza kuishi kwa hadhari.

Katika hali kama hiyo, ubatizo si jambo la kila Jumapili. Mtoto anapobatizwa, au mke, au kijana aliyemaliza mafundisho yake, furaha huwa kubwa kwa sababu imengojewa kwa muda mrefu. Lakini hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanandoa hutuuliza: wakati tunangoja, tufanye nini? Wengine hungoja kama msafiri aliyekaa stendi na mzigo wake, hana la kufanya mpaka gari lije. Huona kwamba ubatizo ni kazi ya padre, na kazi yao wazazi ni kutafuta nguo nyeupe na kuchinja mbuzi.

Jibu la swali hilo tutalitafuta katika maisha ya mzee mmoja wa Afrika Mashariki ambaye jina lake tunalisikia kila tarehe 3 Juni, tunapoadhimisha Mashahidi wa Uganda. Wengi wa mashahidi hao walikuwa vijana wa ikulu. Huyu alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mwenye mke, watoto na cheo. Ni Mtakatifu Matia Mulumba.

MTOTO WA MATEKA

Mulumba hakuzaliwa Buganda. Alizaliwa Bunya, katika nchi ya Busoga, yapata mwaka 1836. Akiwa bado mtoto mdogo, yeye na mama yake walitekwa na Waganda waliokuja kuvamia, wakapelekwa utumwani. Wakaangukia mikononi mwa mzee aliyeitwa Magatto. Mzee huyo hakumtumikisha mtoto kama mtumwa. Alimlea kama mwanawe, akala naye, akamfundisha adabu za nyumbani kwake, na Mulumba akamwita baba.

Magatto hakuwa Mkristo, wala hakupata kumwona mmisionari hata mmoja. Hata hivyo alikuwa mtu mwenye kutafuta ukweli. Alikuwa akiwaambia watu wa nyumbani mwake kwamba dini ya wazee haijakamilika, na kabla ya kufa aliwaagiza kwamba siku moja watakuja watu wa kufundisha njia iliyo sawa, watakapokuja, wasikilizwe. Maneno hayo Mulumba aliyaweka moyoni maisha yake yote.

Wazazi, tafakarini jambo hili. Ubatizo wa Mulumba ulianza miaka mingi kabla ya maji, nyumbani kwa mzee ambaye mwenyewe hakubatizwa kamwe. Alimpa mtoto kitu kimoja tu: hamu ya kumtafuta Mungu. Mtoto aliyelelewa na hamu hiyo, mwalimu wa dini anapofika hukuta shamba limekwisha kulimwa.

Mulumba alipokua alipata kazi katika utawala wa Ssingo, jimbo lililoko magharibi ya mji mkuu wa Kabaka, akapanda mpaka akawa mmoja wa wasaidizi wa mkuu wa jimbo hilo. Hata neno Mulumba lilikuwa jina la cheo chake. Alikaa Mityana, akawa na nyumba kubwa na wake kadhaa, kama ilivyokuwa desturi kwa mwenye cheo.

Na yale maagizo ya Magatto hakuyasahau. Waarabu walipofundisha Uislamu aliufuata kwa moyo, akidhani ndio waliotabiriwa. Baadaye wakaja wamisionari wa Kianglikana, akahudhuria mafundisho ya Alexander Mackay. Tarehe 17 Februari 1879 Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda, wakiwa wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers. Mulumba akaenda kuwasikiliza nao. Mwisho wa Mei 1880 akaomba kuandikwa katika mafundisho ya Kikatoliki. Kuanzia hapo hakugeuka tena.

KUITENGENEZA NYUMBA

Askofu Lavigerie, aliyeanzisha shirika la mapadre hao mwaka 1868, alikuwa ametoa agizo gumu: mtu asibatizwe kabla ya kupita miaka minne ya maandalizi. Wengi walilalamika. Mulumba alingoja miaka miwili, na kwa mtu wa cheo chake hiyo haikuwa miaka rahisi. Mapadre hawakumtaka akariri sala tu. Walimtaka aangalie anavyoishi.

Jambo la kwanza lilikuwa ndoa yake. Mulumba aliwaacha wake wengine wote, akabaki na mmoja, jina lake Kikwabanga. Msidhani lilikuwa jambo dogo. Siku zile wingi wa wake ndio uliokuwa heshima ya mtawala. Wake ndio waliolima, waliopika kwa ajili ya wageni, waliomfanya mtu aitwe mkubwa. Kuwaacha kulikuwa kujishusha mbele ya nchi nzima.

Jambo la pili lilikuwa majivuno ya cheo. Mkubwa wa Buganda hakubeba mzigo njiani. Alikuwa na watu wa kumbebea. Mulumba akaanza kujibebea mwenyewe na kufanya kazi za mikono ambazo wenzake waliziona za watumwa. Watu walipomshangaa hakujali. Aliyewahi kuwa mtoto wa mateka alijua kwamba mtumwa na bwana wake wana Baba mmoja.

Basi tarehe 28 Mei 1882 alibatizwa, akapewa jina la Matia. Siku hiyohiyo alibatizwa rafiki yake Luka Banabakintu, ambaye naye alikuwa mtu wa Mityana. Maji yenyewe yalichukua dakika chache. Kuitengeneza nyumba kulichukua miaka miwili. Na kwa sababu nyumba ilikuwa tayari, furaha ya siku ile haikuisha pamoja na chakula.

Hapa tuseme wazi, maana akina mama wengi watauliza: na wale wake walioachwa? Swali ni la haki. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1148, inamruhusu mtu asiyebatizwa mwenye wake wengi wasiobatizwa abaki na mmoja baada ya ubatizo, hata asiyekuwa wa kwanza ikiwa ni vigumu kwake kukaa na yule wa kwanza. Lakini kanuni hiyohiyo inamwagiza askofu ahakikishe kwamba mahitaji ya wake walioachwa yanatimizwa ipasavyo, kwa haki, kwa upendo na kwa usawa. Hivyo baba asijitakase kwa kumtupa mwanamke aliyemzalia watoto. Kama unajiandaa kubatizwa na una jambo la namna hiyo, lipeleke kwa padre mapema, kabla ya kushona suti.

PADRE ALIPOONDOKA

Miezi michache tu baada ya ubatizo wa Matia, mapadre waliondoka Buganda. Ilikuwa Novemba 1882, na hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa, wala kitubio, wala mtu wa kufunga ndoa. Wakristo wenyewe walikuwa wachanga, wengine hawajamaliza hata mwaka tangu wabatizwe.

Wangeweza kutawanyika. Badala yake nyumba zao zikawa mahali pa sala. Mjini, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, alifundisha watu nyumbani kwake. Yeye na mkewe Klara Batudde waliishi ndoa iliyowavuta wengi. Huko Mityana kazi hiyo ilikuwa ya Matia na Luka, wakisaidiwa na mfinyanzi mmoja kijana, Noa Mawaggali. Walisali pamoja, walifundisha wanaotaka kujifunza, waliangalia wagonjwa na maskini.

Mapadre waliporudi mwaka 1885 hawakukuta magofu. Ssingo ilikuwa na waamini na wakatekumeni wapatao 200. Noa, aliyefundishwa na wenzake walei, alibatizwa tarehe 1 Novemba mwaka ule. Kutoka Mityana mpaka misheni karibu na mji mkuu ni mwendo wa kilomita zipatazo 70, nao waliutembea kwa miguu kwenda kusikiliza neno, kisha wakarudi kuwaeleza waliobaki.

Enyi mnaoishi Takaba, Elwak au Rhamu, na ninyi mnaoishi popote ambapo padre hupita kwa nadra, historia hii ni yenu. Kanisa la Mityana lilikua wakati padre hayupo, kwa sababu kulikuwa na nyumba ambamo baba na mama walisali bila kungoja kuambiwa.

USIKU WA VIJANA MUNYONYO

Kabaka Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, ambaye alikuwa kijana bado. Mwanga aliwaogopa wageni, na alichukizwa na vijana wa ikulu waliokataa kumtii katika mambo ya uchafu. Tarehe 15 Novemba 1885 aliamuru Yosefu Mukasa Balikuddembe auawe, kwa kuwa alimkemea juu ya kuuawa kwa Askofu Hannington wa Kianglikana na kwa kuwakinga vijana hao. Usiku uleule Karoli Lwanga, aliyechukua nafasi yake ya kuwaongoza vijana, alikwenda misheni pamoja na wengine wakabatizwa. Walijua wazi kwamba jina la Kikristo limekwisha kuwa hatari.

Dhoruba yenyewe ilikuja Mei 1886. Usiku wa kuamkia tarehe 26, vijana wakiwa ikulu ya Munyonyo, Lwanga alijua kwamba asubuhi wataitwa na Kabaka. Miongoni mwao walikuwapo wanne ambao bado walikuwa wakatekumeni: Mbaga Tuzinde, Mugagga, Gyavira, na Kizito mwenye umri wa miaka 14 hivi. Padre hakuwepo. Lwanga mwenyewe akachukua maji, akawabatiza.

Hapakuwa na nguo nyeupe, wala wimbo, wala shangwe za akina mama. Hata hivyo wamekumbukwa kwa furaha waliyokuwa nayo. Wale vijana walipoulizwa asubuhi ni nani kati yao wanaosali, walijitenga upande wao bila kusita. Mbaga alikuwa ndugu wa Mukajanga, mkuu wa wauaji, naye alimbembeleza kijana wake ajifiche au aikane imani aokoke. Mbaga alikataa. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, wengi wao walichomwa moto Namugongo.

MZEE MBELE YA KATIKIRO

Matia na Luka nao walikamatwa siku zilezile. Matia alipofikishwa mbele ya Katikiro, mkuu wa serikali ya Kabaka, hakuulizwa habari za silaha wala za uasi. Katikiro alimcheka. Alistaajabu kwamba mtu mzima wa hadhi yake amefuata dini ya wazungu, kisha akawaambia waliokuwepo kwamba huyu ndiye aliyewafukuza wake zake, na sasa eti anajipikia mwenyewe. Matia alimjibu kwa utulivu, akamuuliza kama ameshtakiwa kwa sababu ya kukonda kwake au kwa sababu ya dini yake.

Wanandoa, angalieni vizuri kilichomfikisha pale. Kilichowaudhi wakubwa wa nchi kilikuwa pamoja na nyumba yake. Kwao sala ilikuwa jambo la moyoni tu; lakini mtu mwenye cheo kukaa na mke mmoja ni jambo lililoonekana na watu wote. Ndoa yake ilikuwa ndiyo mahubiri yake, na ndiyo hati ya mashtaka yake.

Akahukumiwa kifo, kifo kibaya kuliko vyote vya siku zile. Tarehe 27 Mei, wakiwa njiani kuelekea Namugongo, alikataa kuendelea na safari. Akataka, kama ni kuuawa, auawe palepale. Mahali hapo ndipo panapoitwa leo Kampala ya Kale. Aliagana na Luka kwa matumaini ya kuonana mbinguni. Wauaji walimkata mikono na miguu, wakamnyofoa nyama mgongoni, kisha wakaifunga mishipa ili asife upesi, wakamwacha peke yake. Baada ya muda, watu waliokuwa wakikata matete karibu na hapo walisikia sauti ikiomba maji. Walipomwona alivyo waliogopa wakakimbia. Inaaminiwa kwamba alikufa tarehe 30 Mei, kwa majeraha na kwa kiu. Wanaoishi katika nchi kavu ya Mandera wanajua maana ya kiu kuliko sisi wengine.

Msako ulifika hadi Mityana. Tarehe 31 Mei Noa Mawaggali aliuawa huko. Dada yake, Munaku, msichana ambaye bado alikuwa katekumeni, alijitokeza mwenyewe mbele ya wauaji ili afe na kaka yake. Hawakumuua, walimteka, na mtu aliyemchukua alitaka kumfanya mke. Munaku alikataa, akateswa, akaendelea kukataa, mpaka Padre Lourdel alipomkomboa. Mwaka uleule wa 1886 alibatizwa, akaitwa Maria Matilda. Hakuolewa, alimtolea Mungu maisha yake yote. Hivyo mbegu iliyopandwa katika zile nyumba za Mityana ilizaa hata baada ya wapandaji kuuawa.

Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza mashahidi hao 22 kuwa wenye heri tarehe 6 Juni 1920, na Papa Paulo wa 6 akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Matia Mulumba yumo kati yao, mzee mwenye mke na watoto kati ya vijana.

TUFANYE NINI TUNAPONGOJA?

Hatuishi tena siku za Mwanga, lakini kazi ya kuiandaa nyumba ni ileile. Basi ninyi mnaongojea ubatizo wa mtoto wenu, wa mwenzi wenu au wa kijana wenu, zingatieni haya.

Kwanza, tengenezeni ndoa yenu. Kama mnaishi pamoja bila kufunga ndoa na hakuna kizuizi, mwoneni padre au katekista juu ya hilo wakati uleule mnapoandikisha mtoto. Kanisa humbatiza mtoto mchanga ikiwa angalau mzazi mmoja amekubali, na kukiwa na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani. Tumaini hilo haliandikwi kwenye karatasi, hutazamwa nyumbani.

Pili, msali pamoja hata mkiwa mbali. Baba aliyeko Takaba na mama aliyeko Bungoma wanaweza kukubaliana saa moja ya jioni, kila mmoja asali mahali pake, na watoto wajue kwamba baba naye anasali sasa hivi. Simu ya mkononi imerahisisha mambo ambayo watu wa Mityana waliyafanya kwa miguu.

Tatu, chagueni msimamizi wa ubatizo kwa imani yake, si kwa mfuko wake. Kwa kawaida awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Matia na Luka walisimamiana katika imani mpaka siku ya kufa.

Nne, jifunzeni kubatiza wakati wa hatari. Mtu yeyote mwenye nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa anaweza kubatiza mtoto aliye karibu kufa: humimina maji kichwani mara tatu huku akiwataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kama katekista anavyofundisha. Wazazi wanaokaa mbali na parokia wasikose kujua jambo hili. Mtoto akipona, mpasheni padre habari, aandikwe kitabuni na ibada nyingine zikamilishwe.

Tano, msimlazimishe mtu. Kijana mkubwa na mwenzi wa ndoa hubatizwa kwa hiari yake. Ikiwa mmoja wenu ni wa dini nyingine, heshima mnayompa kila siku inafaa kuliko mabishano mengi. Kumbukeni Magatto: alionyesha njia, akamwachia Mungu wakati.

Leo jioni, watoto wakiisha kulala, kaeni mkaulizane: katika nyumba yetu, ni kitu gani ambacho hakijawa tayari kwa ubatizo tunaoungojea? Kitajeni kwa upole bila kulaumiana, mkianze hicho. Padre atakapofika na maji, awakute mmekwisha kuanza kufurahi.

Mtakatifu Matia Mulumba, mume na baba, aziombee nyumba zetu zote.